Kumuaga Bi Lavinia wa Mji Usio na Mkazi

Mheshimiwa Kamishna wa Wilaya yetu, Bwana Afisa wa Mambo ya Kale uliyetoka makao makuu ya jimbo la Nevada, Mchungaji, wanakamati wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na wewe Bi Lavinia Trembath uliyekataa kiti cha mbele ukisema ni cha wagonjwa: nawasalimu nyote.

Ratiba mliyopewa inasema kwamba leo tunaufungua mji wa Pengarra uliokarabatiwa, na pia tunamuaga Bi Lavinia. Ratiba hiyo niliiandika mimi, na kabla sijakaa nitaomba kuisahihisha.

Mnajua kwamba bei ya madini ya fedha ilipoanguka, wachimbaji elfu nne waliondoka hapa katika majira mamoja ya baridi, wakaacha vikombe mezani. Ulibaki ukoo mmoja tu. Babu yake Bi Lavinia alikuwa mlinzi wa mgodi, na hakuna aliyekumbuka kumwandikia barua ya kumwambia kwamba kazi imekwisha. Basi akaendelea kulinda, akafuatiwa na mwanawe, na sasa mjukuu ana miaka themanini na mmoja, amezaliwa hapa na hajawahi kulala kwingine.

Kamati yetu ilipoanza ukarabati, ilikuwa na bidii kuliko maarifa. Tuliinyoosha baa iliyoinama, tukaipaka rangi, tukapigana picha. Bwana Afisa alipofika alishika kichwa. "Nani aliwatuma mnyooshe? Haya ni mahame, mji uliohamwa! Mahame yanazuiwa yasianguke, hayajengwi upya!" Tukakwangua rangi kwa miezi miwili. Lakini je, baa ilikuwa imeinama kiasi gani? Mimi niliyepima ardhi kwa miaka arobaini sikujua. Bi Lavinia alijua.

"Ukiweka chungwa mlangoni," alisema, "linafika kaunta bila kusukumwa. Na likifika, linagonga mara moja tu."

Tuliivuta baa kwa lori, tukaweka chungwa, tukavuta tena. Chungwa la kumi na saba liligonga mara moja. Huyo ndiye mtu ambaye kamati yangu iliamua kumfukuza.

Kwa nini? Kwa sababu kanuni inasema kwamba mji hauwezi kuandikishwa kuwa mahame ukiwa na mkazi hata mmoja, na usipoandikishwa, jimbo halitatunza hata msumari. Mimi huheshimu kanuni. Niliandika ile barua ambayo babu yake hakuipata, nikaipeleka kwa mkono wangu.

"Thaddeus, umekula?" akaniuliza mlangoni.

"Nimekuja kikazi, Bi Lavinia."

"Sikukuuliza umekuja kwa nini. Nimekuuliza umekula?"

Nikala. Ulikuwa ule mkate wa nyama na viazi waliokuja nao wachimbaji kutoka Kornwali, Uingereza, wenye ukingo mnene wa kushikia. Niliponyoosha mkono kuumalizia ukingo, alinipiga kofi vidoleni.

"Huo si wako, mlafi wewe! Huo ni wa wagongaji."

Wengi wenu mmelelewa na hadithi hiyo: wale watu wadogo wa chini ya mgodi, wanaogonga ukuta mara tatu kumwonya mchimbaji kwamba mwamba unakaribia kuanguka, na ujira wao ni ukingo wa mkate. Bi Lavinia huwatupia shimoni kila siku. Akaisoma barua yangu, akaikunja.

"Nikiondoka, nani atawalisha?"

"Mimi siamini wagongaji," nikasema.

"Na wao hawakuamini wewe. Mmelingana."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshiba na nimefedheheka. Nikaisoma kanuni upya, polepole, kama inavyopaswa kusomwa kabla ya kumfukuza mtu, wala si baadaye. Inasema kwamba mkazi ni yule alalaye ndani ya mpaka wa mji. Haisemi apikaye. Haisemi agombanaye na mwenyekiti wa kamati. Nikachukua ramani ya zamani na mnyororo wangu wa kupimia, nikalitafuta jiwe la mpaka kwa siku tatu, jua likinichoma utosi.

Lilikuwa chini ya miguu yangu. Babu Trembath, mtu asiyependa kuchonga jiwe jipya ilhali lipo la zamani, alijenga nyumba juu yake. Ndilo kizingiti kati ya jikoni na stoo ya vitunguu. Jikoni ni mjini. Stoo ni nyikani.

Nilipomweleza, Bi Lavinia alitazama pande zote mbili. "Kumbe miaka yote hii napika mjini! Si mngeniambia nivae vizuri?"

Leo asubuhi wanaume wanne wameubeba uhamisho wake, yaani kitanda, hatua kumi na moja. Lile sanduku la safari tulilomnunulia kama zawadi ya kuagwa amelipokea kwa shukrani, na vitunguu tayari vimo ndani. Bwana Afisa amekagua kizingiti kwa magoti yake mwenyewe, akasema hana pingamizi. Mheshimiwa Kamishna, imebaki sahihi yako. Karatasi iko mbele yako tangu nianze kusema, na naona umeifunika kwa kofia.

Ndugu zangu, sahihisho langu ni hili: palipoandikwa "kumuaga", someni "kumhamishia stoo". Na badala ya kupiga makofi, naomba kila mmoja agonge benchi lake mara tatu, kama walivyogonga wale wa chini kila walipoona jambo linataka kuanguka juu ya mtu.

Gongeni.

Asante, Mheshimiwa, kalamu ni hii. Nanyi nyote, nawashukuru kwa masikio yenu. Mkate wa nyama uko jikoni, upande wa mjini. Kuleni, lakini ukingo waachieni wenyewe.