Fundi Risasi, Bwana wa Magurudumu ya Nati Moja

"Nani kagusa magurudumu yangu? Nauliza nani, maana shetani hashiki nyundo!"

Maneno hayo aliyasema marehemu tunayemzika leo, asubuhi ya tarehe 14 Juni 1993, kwenye ua wa gereji yake, mbele ya daktari wa meno aliyefika kuchukua gari lake la zamani. Gari lilikuwa limekalishwa juu ya mawe, magurudumu ya mbele yamelazwa chini kama masufuria yanayosubiri kuoshwa.

"Ni mimi, kaka," mdogo wake akajibu. "Kabla hujanifokea, tazama mishale kwenye nati."

"Sitazami mshale wa mtu! Wewe una wivu, basi. Toka gerejini kwangu!"

Mdogo mtu akatoka. Ndugu hao hawakufanya kazi pamoja tena, na mwenye kutaka kumjua marehemu lazima ajue kwa nini.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1951, mtoto wa kwanza wa mlinzi wa ghala na mshona nguo. Alikuwa mfalme wa nyumba mpaka alipotimiza miaka miwili, mdogo wake akazaliwa, na ufalme ukaisha. Mama yao alisimulia kwamba hakuwahi kumbeba mdogo mgongoni bila mkubwa kuning'inia kwenye gauni akidai zamu yake. Dada yao alikuja baadaye, akawakuta tayari wananuniana.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965. Hesabu alizijua, ila mwandiko wake ulikuwa wa kuku aliyekimbizwa. Siku mdogo wake aliposifiwa kwa mwandiko mzuri, marehemu aliifungua baiskeli ya mwalimu yote, akaifunga tena, akasimama kando yake kusubiri sifa. Baiskeli ile haikuwa na ubovu wowote.

Mwaka 1967 aliingia gereji ya fundi mmoja mzee, na huko akakutana na magari ya zamani ambayo gurudumu lake halishikwi na nati nne wala tano. Lina nati moja kubwa katikati, yenye masikio mawili, na hukazwa kwa kupigwa nyundo kwenye sikio. Watu waliona ni kugonga tu. Marehemu alisema kugonga ni kwa mwizi, fundi anafunga. Alisugua meno ya kitovu cha gurudumu kwa brashi mpaka yang'ae, akapaka grisi kidogo, akahakikisha gurudumu limeinuliwa na jeki, haligusi ardhi. Ndipo alipopiga sikio la juu kuelekea nyuma ya gari, kwa sababu nati ya namna hiyo hukazwa kwenda nyuma na kufunguliwa kwenda mbele, upande wa kulia na wa kushoto vilevile. Mshale wa kufungulia umechorwa kwenye nati yenyewe. Alipiga mpaka mlio ubadilike, akaendesha kuzunguka mtaa, akarudi akapiga tena. "Gari lililogongwa mara moja limefungwa nusu," alikuwa akisema. Alifungua gereji yake mwaka 1979, na mwaka 1984 akamwita mdogo wake wafanye kazi pamoja.

Alifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1976. Jina la Fundi Risasi lilitokana na mkewe. Nyundo ya chuma hukwangua nati, kwa hiyo marehemu alitaka kujitengenezea ya risasi, ile ya ndani ya betri kuukuu, kwa kuwa ni laini. Bibi harusi akatumwa kwa muuza vyuma chakavu. Akafika, akasema mbele ya wateja, "Mume wangu anataka risasi, tena nyingi."

"Mama," yule bwana akamjibu taratibu, "kwani mmegombana na nani?"

Mtaa mzima ulicheka, jina likaganda. Mke huyo naye alikuwa na lake la kusema kuhusu gari la daktari. Kila jioni marehemu alilipangusa, akalifunika shuka safi, akalizungushia jicho la mwisho. "Mke mwenzangu ana matairi," alilalamika. "Mimi mwaka wa kumi na saba humu ndani, sijafunikwa hata mara moja."

Sasa ile habari ya mwaka 1993. Juma lililotangulia, daktari alitamka jambo dogo tu: "Fundi, mdogo wako naye ana mkono mzuri." Basi, aliyapaka pilipili macho ya marehemu. Kesho yake alitundika mashuka kulizunguka gari lile ili mdogo wake asichungulie, akaifanya kazi ya beringi za mbele peke yake, bila jicho la pili. Katika kurudisha, akavibadilisha vitovu: cha kulia akakiweka kushoto, cha kushoto kulia, nati zikafuata vitovu vyake, na kukaza kukageuka kuwa kwenda mbele. Gari lililofungwa hivyo hujifungua nati lenyewe likitembea. Mdogo wake, kwa nje, aliona nyundo ikipanda juu ya shuka na kushukia mbele.

"Kaka, unakaza kwenda mbele?"

"Usichungulie!"

Ndiyo maana asubuhi yake mdogo mtu aliwahi kufika, akayang'oa magurudumu kabla daktari hajaondoka. Naye akafukuzwa kwa wema wake.

Alipokwisha kutoka, marehemu alizirudisha nati kwenye vitovu, akaitazama mishale. Yote miwili ilielekea nyuma. Mkewe, aliyekuwa ameleta chai, alimwona akikaa juu ya tairi kama mtu aliyepigwa. Kisha marehemu akavirudisha vitovu mahali pake, akamwambia daktari kulikuwa na vumbi kidogo. Daktari akaondoka pamoja na mkewe na watoto aliokuja nao, wote wazima.

"Mfuate mdogo wako umshukuru," mke wa marehemu akamwambia mumewe.

"Nitamfuata kesho."

Kesho hiyo ilikuwa ndefu. Mdogo mtu alifungua gereji ng'ambo ya barabara, na fahari wawili hawakai zizi moja. Marehemu aliweka kiti chake akiipa gereji ile mgongo, ili watu wasiseme anaangalia, kisha akapigilia kioo cha pembeni cha gari kwenye nguzo, akaangalia. Wateja wa mwenzake aliwajua kuliko wake.

Mwaka 2019 figo zilianza kumsumbua. Aliyempeleka hospitali kila mara, bila kuombwa, ni mdogo wake. Njiani walizungumzia mashimo ya barabara tu. Mchana mmoja wa Agosti 2021, mkewe, dada yao na mdogo wake wakiwa kando ya kitanda, marehemu alisema ghafla:

"Vitovu vile. Nilivigeuza mimi."

"Najua, kaka. Gari lilipopita barabarani niliitazama mishale. Nikaona umerekebisha."

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Ungesema nina wivu."

"Ulikuwa nao?"

"Mwingi! Shuka zima umenitundikia, hata kutazama unaninyima, nikose wivu?"

Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kumtuliza. Kisha akamshika mdogo wake mkono. "Watu wale wangekufa, na mimi ningekuwa muuaji. Ahsante, mdogo wangu. Imechelewa, lakini ipokee."

"Nimeipokea."

Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 21 Agosti 2021, akiwa na umri wa miaka sabini.

Ameacha mjane, binti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu watano na dada yake. Ameacha pia mdogo wake, ambaye ameomba iandikwe hapa, isomwe kwa sauti, kwamba yeye na kaka yake wamemalizana na hamdai kitu.

Mungu amlaze pema, apumzike kwa amani aliyoitafuta.