Kisanduku cha Koplo Luhende

Treni ilipotoka Mpanda, koplo wa polisi aliyejitambulisha kwa jina la Luhende alianza kumweleza Odeta, nesi wa Katumba aliyekaa naye, na sisi wengine wa behewa bila kuombwa, kwamba anakwenda Tabora kwenye kikao cha kuchagua maneno mapya ya kadi za alama za vidole. "Za mtuhumiwa zikifanana na za kwenye tukio, tunaandika 'Alama Zimelingana'. Zisipofanana, 'Alama Zimetofautiana'. Kiswahili safi kabisa."

"Na kwa kifupi mtaandikaje?"

"Vifupisho si hoja, sista. Cha msingi neno lieleweke."

"Kisanduku cha kuandikia jibu kwenye kadi kina ukubwa gani?"

Koplo akaonyesha ukucha wa kidole gumba.

"Afande, nashika kadi za wagonjwa mwaka wa tisa huu. Hapo mtu ataandika AZ tu. Sasa AZ ipi?"

"Anayesoma ataangalia faili."

"Na asiye na faili?"

Nilikuwa najifanya nasinzia, ila hapo nilifumbua jicho. Koplo alikuwa anajifuta jasho kwa kofia yake. Akasema maneno hayo wameshaanza kuyajaribu, na juzi alituma mahakamani kadi ya mkulima mmoja wa Litapunga, yuko mahabusu, anasubiri hukumu.

"Uliandika nini?"

"AZ."

"Zililingana?"

"Hazikulingana. Lakini vifupisho si hoja."

Treni ikasimama Katumba. Odeta akashuka. Koplo akamfuata mbio, akiuliza simu ya stesheni iko wapi. Begi lake la Tabora lilibaki juu ya kichwa changu.