Kopo Moja ya Sombe

Bamama na batata, mi niko shoferi, naendesha gari ya bafanyakazi ba mugodi ya Mashamba. Kusimama hapa mu kanisa bila fimbo, njo ushuhuda yangu ya kwanza. Ile ya pili inawahusu ninyi bamama ba kanisa, basi musinikasirikie.

Asubuhi moja nilishika funguo ya gari, ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Muke yangu akaniuliza kuna nini. Nilimujibu, lakini mudomo ilikuwa imepinda na maneno ilitoka kama ya mulevi. Hakungoja mutu. Alinipandisha mu taxi mpaka ku hospitali.

Dokta alituelezea. Moyo yangu ilikuwa inapiga bila mupango, damu inalala mu kona ya moyo. Damu ikilala, mwili inatengeneza nyuzi ndogo, nyuzi zinanasa damu kama wavu, inakuwa donge. Donge ilipanda mu kichwa, ikaziba njia. Kwa bengine sababu ni mafuta mu mishipa ao tansio ya damu kuwa juu. Mi nilipewa dawa ya kuzuia zile nyuzi.

Sasa ninyi bamama mulisikia tu kama kichwa yangu ilikosa damu. Mukasema, tata huyu aongezewe damu. Na kwetu hapa, damu inaongezwa na sombe, majani ya muhogo ya kupika. Kila siku mama wa zamu alifika na nyungu yake. Nani anaweza kurudisha nyungu ya mama ku mulango? Muke yangu alishindwa. Mi nilikula.

Ndugu zangu, nawaambia, siku ingine tuko pa meza, kijiko ikaanguka. Mukono ni ileile. Niliogopa kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa nilijua ni nini. Nguvu ilirudi tukiwa njiani ya hospitali, lakini balipopima damu, ilikuwa inaganda kama ya mutu hajameza dawa.

"Tata, dawa unameza kweli?"

"Kila siku, dokta."

"Na unakula nini?"

Muke yangu akaangalia chini. "Sombe. Asubuhi, midi na magaribi."

Dokta hakukataza. Alisema majani inasaidia mwili kutengeneza zile nyuzi, basi nikule kidogo, kipimo moja kila siku, na yeye atapanga dawa kufuatana na ile kipimo.

Muke yangu alikuja mu mukutano yenu. "Bamama, sombe yenu ni tamu, lakini inarudisha bwana yangu ku kitanda." Mama moja, yule wa sombe ya karanga, akasimama, akatoka. Muke yangu alifikiri amekasirika. Akarudi na kopo ndogo. "Basi, kila mutu apimie hapa."

Toka siku ile damu yangu iko muzuri. Namushukuru Mungu, namushukuru muke yangu, nawashukuru ninyi. Mutu akipinda mudomo, mukono ikianguka, musingoje, mumupeleke. Na mwenye kukupenda, mwambie ukweli ya mwili yako, hata kama ameshabeba nyungu.

Mbele ya kuingia nilipita pa meza yenu ya chakula, kule inje. Nimeona nyungu tatu za sombe, na harufu inanifika mpaka hapa. Bamama, kopo yangu niko nayo mu mufuko.