Mwalimu Aliyeagiza Mipira Mitatu

Shemeji zangu walitaka wasifu huu usomwe na mtu mwenye sauti isiyokatika, na walishamteua. Nimekataa. Nimekaa na marehemu miaka thelathini na mitano, nitausoma mwenyewe. Nikikwama, mnisubiri.

Mwalimu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa karani wa posta na fundi cherehani. Dada yake mkubwa, aliyekaa pale mbele, anasema alikuwa mtoto wa maswali. Akiambiwa maji yamechemka, anauliza yamejuaje.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na sekondari mwaka 1975. Darasa la sayansi lilikuwa na wasichana wawili, mmoja akahama, akabaki peke yake. Jedwali la elementi alilichora kwa chaki ya mama yake nyuma ya karatasi za kukatia nguo, na siku moja gauni la mteja likakatwa kwa kufuata mstari wa klorini. Alichapwa, lakini karatasi aliificha chini ya godoro. Alihitimu stashahada ya ualimu mwaka 1984.

Januari 1985 aliajiriwa kufundisha kemia katika sekondari iliyo nyuma ya gereji za malori, na hapo hapo alistaafu mwaka 2021. Wanafunzi walimwita Mama Protoni, naye akajifanya hajui.

Sasa nifike kwenye ndoa, maana nahusika. Mwaka 1987 alikuja kwenye karakana yangu ya useremala na karatasi ya vipimo. Alitaka mipira kumi na sita ya mbao, ya ukubwa tofauti, kuonyesha atomu za safu mbili za jedwali. Niliitazama ile karatasi nikaona imeandikwa kinyume. Atomu namba tatu ilikuwa kubwa kama chungwa, na namba kumi ndogo kama ndimu. Nikasema mwalimu wa watu amechoka, ngoja nimsahihishie. Nikaikereza mipira yote kwenye mashine kwa akili yangu mwenyewe: namba ndogo mpira mdogo, namba kubwa mpira mkubwa.

Alipokuja kuichukua, aliipanga juu ya meza yangu.

"Fundi, nani kakwambia ubadilishe?"

"Namba si inaongezeka, Mwalimu? Na mpira nao ukue."

"Umekosea kama darasa langu zima." Akavuta kigoda, akakaa kwenye vumbi la mbao na gauni lake safi. "Sikiliza. Ukienda kulia, kiini kinaongezewa protoni, kwa hiyo kinavuta kwa nguvu zaidi. Elektroni nazo zinaongezeka, lakini tabaka lao ni lile lile. Zinavutwa ndani, atomu inasinyaa. Ukishuka chini ndipo unaongeza tabaka, ndipo inakuwa kubwa."

"Kwa hiyo huyu wa mwisho kulia amejaa, lakini mdogo?"

"Amejaa, mdogo, na hataki mtu."

"Na huyu wa kushoto?"

"Ana elektroni moja tu huko nje. Anampa wa kwanza atakayebisha hodi."

Nikamwambia basi na mimi ni wa upande wa kushoto. Alicheka mpaka akashika meza. Mipira niliirudia yote, na tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Novemba 1988.

Mwaka 1996 aliomba mipira mitatu zaidi, ya kushuka chini ya sodiamu: potasiamu, rubidiamu, na seziamu yenye ukubwa wa balungi. Nikasema wiki ijayo. Kulikuwa na kitanda cha mtu, kisha milango ya mtu, kisha madawati. Kila mwaka somo hilo lilipofika, kabichi letu lilikwenda shule likawa potasiamu, jioni likarudi tukalila. Hakunigombeza. Aliuliza tu, akiwa anakatakata, "Fundi, huyu potasiamu nimtie chumvi?" Watoto walicheka, na mimi nikacheka nao, nikijua vizuri kwamba anangoja.

Februari 2024 alianza kulalamika tumbo, na vipimo vikaonyesha saratani ya ini. Alipolazwa mara ya pili niliwasha mashine yangu ya kukerezea. Nilimpelekea potasiamu wodini. Aliizungusha kwa vidole vyake vilivyokonda, akaipima kwa macho.

"Hii ni yenyewe," alisema. "Bado mbili."

Rubidiamu aliipata mwezi wa nane, akalala nayo ubavuni kama mtoto. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 17 Septemba 2024, nilikuwa karakana napiga msasa seziamu. Binti yetu akanipigia: "Baba, acha hicho unachofanya, njoo." Nilifika na vumbi mikononi, saa nne na dakika kumi. Alikuwa ameshaondoka, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Nina hamu naye. Sina namna nyingine ya kulisema. Nina hamu na kisu chake kwenye ubao wa jikoni, na jinsi alivyonisahihisha bila kunidharau. Jana nilijikuta nimesimama sokoni mbele ya makabichi, muuzaji ananiuliza nataka la ngapi.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu wanne, dada yake mkubwa, na wanafunzi ambao nikiwatazama hapa siwezi kuwamaliza. Wakunga, mafundi umeme, daktari aliyemtibu.

Na nyote mmelisifia hili jeneza. Ni kazi ya mikono yangu. Nililianza Jumatano asubuhi, Alhamisi mchana likawa tayari, bila mtu kunikumbusha.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Kumbe muda nilikuwa nao.