Bibi Harusi Hasemi

Bwana asifiwe, wapendwa. Wengi mnanijua kama yule dada anayepanga viti hapa kanisani. Leo mtanijua upande wa pili, na sitawalaumu mkikataa kunisalimia tukitoka.

Mwaka wa pili chuoni nilikuwa dada mkubwa wa chama chetu, wasichana tunaosema Kiswahili. Tulikuwa na fleti mtaa wa South Beach. Msichana mpya akija, tunamfanya bibi harusi: anakaa mkekani, anafunikwa kitenge kichwa na uso, halafu kila dada anapitisha kikombe cha jini chini ya kitenge, anamnywesha. Sheria ni moja, bibi harusi hasemi. Akisema, anaanza upya. Mimi pia nilifanyiwa. Nilitapika siku mbili, kisha nikangoja kwa hamu zamu yangu ya kumimina. Msinionee huruma, ndugu zangu. Nilifurahia.

Jumamosi moja mchana wakaleta mdogo mmoja, hajawahi kuonja hata bia. Kikombe cha tatu akanishika mkono. Nikamwambia, "Eish, bibi harusi gani huyu wa kushika watu?" Wakacheka wote. Cha nne nikakijaza hadi juu, kwa sababu ya ule mkono. Kufika cha sita alikuwa ametulia, kichwa kimeinama. Tukampigia vigelegele. "Huyu iko na adabu kabisa!" Tukapakua wali, tukala pembeni yake.

Kitenge kilikuwa cha kuazima. Mwenyewe, mama mmoja wa saluni ya chini, akapanda kukifuata. Alipokivuta, tuliona midomo ya yule mtoto imekuwa ya bluu, matapishi yamejaa kinywani.

Mama akamlaza ubavu, akamtoa uchafu kwa vidole, akasema tuite ambulensi. Na mimi, nawaambieni ukweli, nikamjibu, "Mama, papiers zake za kukaa nchini zimeisha. Polisi watamkamata."

Akanitazama. "Maiti iko inaombwa papiers?" Akapiga simu mwenyewe.

Yule msichana alipona, lakini chuo aliacha, na mpaka leo maneno yanamchelewa mdomoni. Mimi nilifukuzwa, nikanywa mwaka mzima. Yule mama wa saluni ndiye aliyeniokota mitaani kule Point, akanipa kazi ya kufua taulo. Hakunibembeleza hata siku moja. Kila asubuhi alininusa mdomo kwanza, ndipo anifungulie mlango. Asante, mama. Asante kwa hiyo pua yako.

Ninyi wenye mabinti vyuoni, na ninyi mabinti: mwenzenu akinyamaza, msimsifu. Mfunueni uso, mumwangalie.

Yule bibi harusi mwenyewe yuko hapa, amekaa karibu na mlango. Nimemwomba msamaha mara tatu, hajanipa, na ni haki yake. Jana nilimwomba ruhusa ya kusimama hapa. Aliyatafuta maneno muda mrefu. Kisha akasema, "Sema, dada. Lakini usilie. Mimi hamkuniruhusu."

Basi nimesema. Na mnaona wenyewe, sijalia.