Bwana Kitovu na Mkanda wa Mama Mwalimu

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Aliye jikoni na apunguze moto. Aliye kazini na atege sikio moja tu, bosi asimwone. Leo tunamkumbuka mtu aliyekuwa na nadharia nyingi kuliko wateja. Tunamkumbuka fundi wa mikanda. Mtaani walimwita Bwana Kitovu, na jina hilo alilivaa kwa fahari kama mwingine anavyovaa suti.

Amefariki hospitalini, baada ya kuugua kifua kwa muda mfupi. Ameacha mjane, ambaye majirani humwita Mama Mwalimu, na binti mmoja, ambaye ndiye huyo mwalimu mwenyewe. Anafundisha fizikia sekondari. Shikeni hayo mawili, wasikilizaji. Baba fundi wa mikanda, binti mwalimu wa fizikia. Kisa chote kimo humo.

Kibanda chake cha kazi kilikuwa upenuni mwa nyumba yake. Meza ndefu iliyochubuka, nyundo, shazia za kushonea ngozi, uzi uliopakwa nta, na kopo lililojaa bizimu za kila aina, vile vyuma vya kufungia mkanda. Ukienda kutobolewa tundu jipya la mkanda, tundu moja tu, ulijua hutoki haraka. Kwanza atakuuliza umenenepa au umekonda. Kisha atakueleza kwa nini. Hapo ndugu yangu umekwisha, chai yako itapoa nyumbani.

Aliamini mtu aliyelala ni mzito kuliko aliye macho. Ushahidi? Mbebe mtoto aliyelala, uone. Aliamini ukila umesimama, chakula kinateremkia miguuni. Aliamini ukibana pumzi unapungua uzito, maana hewa ni nyepesi, itakuinua. Hiyo ya mwisho aliijaribu kwa muuza nafaka, juu ya mizani ya magunia, mashavu yametuna, watu wamemzunguka. Mshale haukusogea hata unywele. Muuza nafaka akamwomba ateremke, kuna watu wanataka unga. Bwana Kitovu akateremka, akatangaza kwamba mizani ni mbovu.

Sasa hilo jina lilitoka wapi? Binti yake, akiwa bado mwanafunzi, alikuwa akisoma masomo yake kwa sauti pale pale kibandani, baba akishona. Siku moja akasoma kwamba kila kitu kina kitovu cha uzito. Baba akaacha kushona. Akauliza, hata mtu? Binti akajibu, hata mtu. Basi, kwisha habari. Kitabu kilimaanisha mahali ambapo uzito wote wa kitu huhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo. Lakini fundi alisikia kitovu, na kitovu alikijua. Ni kile kilicho tumboni, alichokuwa akikizungushia ngozi kila siku ya maisha yake.

Tangu hapo hakushikika. Kila mteja aliambiwa kwamba uzito wa binadamu umefungwa kitovuni, kama mzigo ulivyofungwa fundo, na kwamba anayevaa mkanda sawasawa hachoki. Binti alipojaribu kumsahihisha, aliambiwa akasome vizuri, kitabu chake mwenyewe kimesema. Majirani walicheka, naye alicheka nao, na hapakuwa na aliyedhurika.

Kisha mkewe akapata kiharusi.

Hapo, wasikilizaji, mzaha ukaisha. Mama Mwalimu alikuwa mwanamke asiyejua kukaa kitako. Sasa mkono na mguu wa kushoto vimelegea. Aliporudi kutoka hospitali aliweza kuzungumza, aliweza kula, aliweza hata kumgombeza mumewe. Lakini akishakaa kitini hakuweza kuinuka. Ilibidi abebwe, mumewe kwapa hili, jirani kwapa lile. Na mama huyu aliona haya, haya ya kutaka ardhi immeze.

Mumewe akaanza kuona kwamba kikombe cha maji kinakaa mezani mchana kutwa hakijaguswa. Alipombana sana, mkewe akamwambia ukweli. Akinywa maji atataka kwenda chooni. Akitaka kwenda chooni, ataitwa jirani.

"Sitaki kubebwa tena," alisema. "Nataka niinuke mwenyewe, Baba Mwalimu. Hata kama ni mara moja kwa siku."

Mumewe akamwahidi kwamba atainuka. Na mtu huyu, pamoja na maneno yake yote, hakuwa wa kuahidi ovyo.

Akachukua ngozi bora aliyokuwa nayo. Akashona mkanda mpana, ndani akatia kitambaa laini usije ukamkwaruza. Na mbele, sawasawa na kitovu, akashona kishikio kama cha sanduku la safari. Kama uzito wote umo kitovuni, si unashika pale pale unavuta? Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kule hospitalini, alikuwa amemweleza kwamba mgonjwa akitaka kuinuka ainame mbele kwanza. Bwana Kitovu alimsikiliza kwa adabu zote. Alipofika nyumbani akasema kijana yule bado mchanga. Mtu anataka kwenda juu, wewe unamwambia aende chini, wapi na wapi?

Akamvisha mkewe mkanda. Akashika kishikio, akavuta.

Mama Mwalimu hakupanda juu. Alikuja mbele. Aliteleza kitini taratibu mpaka akakaa sakafuni, na mumewe akamwangukia miguuni. Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha kicheko kikaisha, na machozi yakaendelea. Jirani akaitwa.

Shule zilipofungwa, Mwalimu akaja nyumbani. Alimkuta baba yake amesimama juu ya meza, anapima dari, anatafuta pa kufunga kamba na gurudumu la kumvuta mama yake kwa kitovu. Binti akamwomba ateremke. Akamwambia akae kwenye kiti kama cha Mama, mgongo wima, miguu mbele, kama Mama anavyokaa. Kisha akamwekea kidole kimoja kwenye paji la uso.

"Haya, Baba. Inuka."

Hakuinuka. Akajikaza, akakunja uso, akahema. Mtu mzima, mabega mapana, amewekwa kitini na kidole cha binti yake. Akadai ameshikwa mshipa. Akaomba kiti kingine, na hicho nacho kikamshinda. Kando yao Mama Mwalimu alikuwa anacheka, na ilikuwa imepita siku nyingi hawajasikia kicheko hicho.

Ndipo binti akamweleza, kwa upole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake wagumu. Ukikaa hivyo, uzito wako uko juu ya kiti. Nyayo zako ziko mbele, hazibebi kitu. Mpaka uzito uje juu ya nyayo, hakuna kuinuka, hata uvutwe na nani. Na kinachouleta ni kuinama. Rudisha nyayo nyuma, peleka kichwa mbele, ndipo miguu ipate kazi ya kufanya. Kidole changu kilizuia kichwa tu, basi. Na kile kitovu cha uzito, Baba, si cha tumboni. Kinahama kadiri mtu anavyokaa na anavyoinama. Wakati mwingine kinakuwa nje ya mwili kabisa.

"Nje ya mwili," baba akarudia polepole.

Jamani, mwoneeni huruma. Mtu ameishi na kitovu chake miaka yote hiyo, leo anaambiwa kiko nje. Alikwenda kibandani akakaa na nyundo mkononi, hagongi kitu. Binti akaanza kujilaumu. Lakini kabla jua halijazama baba alirudi na ule mkanda. Amefumua kishikio cha mbele, amekishona nyuma, kiunoni. Akauliza kama hapo panafaa. Binti akasema panafaa, ila si pa kuvutia, ni pa kumlinda tu asianguke.

Baba akaenda akachuchumaa mbele ya mkewe.

"Nilikosea," akamwambia. "Tuanze upya."

Wakaanza upya. Kila asubuhi. Nyayo nyuma, kichwa mbele, mume amesimama nyuma kidogo ubavuni, mkono kwenye kishikio. Mwanzoni alimvuta kweli, na mishipa ya shingo ilimtoka. Mama alipanda nusu, akarudi chini. Akapanda tena, akarudi. Kulikuwa na siku za kununa. Kulikuwa na siku moja aliyomtupia mumewe kanga na kumwambia akashone mikanda ya punda. Lakini asubuhi moja mguu wa kulia ulishika, wa kushoto ukafuata kwa kusuasua, na Mama Mwalimu akasimama. Amesimama, wasikilizaji. Jirani aliyekuwa akipita nje aliitwa, safari hii aje kutazama tu. Siku hiyo mama alikunywa maji mpaka akasema tumbo linacheza.

Mngedhani mtu ametubu nadharia. Thubutu. Miezi ilivyopita, Bwana Kitovu aliona mkewe anazidi kuwa mwepesi mkononi mwake, ilhali amenenepa, mashavu yamejaa. Basi akatunga nadharia mpya, kwamba watu wakiishi pamoja siku nyingi, mmoja anapungua uzito mikononi mwa mwenzake. Akawatangazia wateja kwamba yeye anamwinua mkewe kwa vidole viwili.

Likizo iliyofuata Mwalimu akaja na mizani ya springi kutoka maabara ya shule, ile ya kuning'iniza yenye ndoano. Hakumwambia mama yake. Akaifunga kati ya kishikio na mkono wa baba, ili chochote baba atakachovuta kisomeke pale. Mama akarudisha nyayo, akainama, akainuka. Baba akaguna kwa juhudi kama kawaida yake.

Mshale ulibaki kwenye sifuri. Wakarudia, na mshale ukabaki pale pale. Hakuwa akimwinua. Hakuwa akimvuta hata kwa uzito wa bizimu moja. Mke alikuwa akisimama mwenyewe, na mume mkono wake ulikuwa umewekwa tu.

Binti alitaka kusema. Baba akamtazama, akaweka kidole mdomoni. Baadaye jikoni akamwomba kwa sauti ya chini.

"Usimwambie, mwanangu. Akijua hakuna anayemshika, ataogopa, atakaa tena."

Mwalimu hakupenda. Kazi yake ni kusema kile kinachosemwa na kipimo. Lakini alimtazama baba yake, akaona jinsi anavyoomba, akanyamaza. Na baba akaendelea kuguna kila asubuhi, tena safari hii akijua. Aliguna, akahema, akafuta jasho ambalo halikuwapo. Mkewe akimuuliza kama amechoka, anajibu kidogo tu, usijali.

Halafu kifua kikambana. Akalazwa, na hakurudi.

Mwalimu anasema, katika msiba ule wote kulikuwa na jambo moja lililomkosesha usingizi. Sasa mama atainukaje? Mtu aliyekuwa akimpa moyo hayupo, na siri ameachiwa yeye. Akimwambia, huenda akavunjika. Asipomwambia, atabebwa tena, lile lile alilolikataa.

Kesho yake baada ya mazishi, ndani mmejaa wanawake. Mama Mwalimu yuko kitini, mkanda kiunoni. Akasema anataka kwenda nje. Wanawake wakanyanyuka wote kumbeba. Binti akawawahi. Akaenda nyuma ya mama yake, akashika kishikio, na kwa sababu hakujua la kufanya, akaguna kama baba yake alivyokuwa akiguna.

Mama akageuza shingo akamtazama.

"Acha hayo, mwanangu. Hata baba yako alikuwa hanivuti."

Binti akauliza, kwani Mama alijua?

"Mwili ni wangu. Nikose kujua anayenivuta na asiyenivuta?"

"Mbona hukumwambia, Mama? Kila siku anahangaika kuguna pale."

Mama Mwalimu alikuwa ameshaanza kurudisha nyayo zake nyuma. Akasubiri kidogo kabla hajainama.

"Ningemwambia, angeondoa mkono."

Kisha akainama, akainuka, akatoka nje kuona watu waliokuja kumlilia mumewe.

Mama Mwalimu, kama redio iko wazi hapo nyumbani, pokea pole zetu sote wa kipindi hiki. Pole sana, mama. Mwalimu, pole, nasi tunakushukuru kwa kutusimulia. Ndugu, majirani na wateja wote wa kile kibanda, poleni. Mungu amlaze fundi wetu mahali pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nawaacha na jambo la kuwaza wakati muziki unaingia. Tazama leo nyumbani kwako, kuna mtu anakuuliza umefika salama wakati anakuona umesimama mlangoni. Kuna mtu anakushika kiwiko mkivuka barabara ambayo unaijua kuliko yeye. Unaweza kumpimia, ukampa jibu kwamba hakusaidii chochote, na kipimo chako kitakuwa sahihi kabisa. Mwache aendelee. Huyo wetu ameshazikwa, na mkewe, anayesimama vizuri kwa miguu yake miwili, anatuambia mgongo una baridi pale mkono ulipokuwa ukikaa.