Dada Dilmaya Alikuwa Hajamaliza

Mheshimiwa Jaji Kalyani Regmi wa Mahakama ya Juu, Mheshimiwa Meya wa Tansen, waheshimiwa majaji mlio kazini na mliostaafu, mawakili wenzangu, ndugu wageni waalikwa, pamoja na nyinyi mliokuja kwa ajili ya chukauni, viazi vyetu vya mtindi, ambayo naambiwa bado haijawa tayari: namaste, na karibuni sana.

Leo ni siku yetu. Jaji aliyeanzia kazi hapa kwetu mlimani, akanywa chai yetu na kuzivumilia hotuba zangu, juzi aliapishwa na kuketi katika mahakama iliyo juu ya zote. Nani kati yetu hakulia? Mimi nililia, na mke wangu hajaacha kunitania.

Lakini tusidanganyane, ilibaki kidogo tumkose. Jina lake lilipopelekwa Bungeni, lilitoka tangazo kama ilivyo desturi: mwananchi yeyote mwenye malalamiko dhidi ya mteule huyu ayalete. Sisi mawakili tulilisoma tukacheka, maana nani Tansen angemlalamikia Kalyani Regmi? Kabla chai haijapoa tukasikia kwamba Dilmaya Saru, mfumaji wa vitambaa, aliyeshindwa zamani mbele yake katika kesi ya mpaka wa shamba, amekata tikiti ya basi la Kathmandu.

Tulikwenda kwake mbio, mawakili watatu na boksi la peremende za maziwa. Nilimsihi asitutilie mchanga kwenye kitumbua. Nilimwambia mji huu umesubiri heshima hii tangu babu zetu. Alizila peremende zote, kisha akanijibu bila hasira.

"Kaka wakili, shamba nilishindwa, nimekubali. Ila nilikuwa bado naongea, akaniambia inatosha, keti. Leo wanauliza nani ana la kusema. Mimi ninalo."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo.

"Kama ni dogo," akasema, "mbona mmekuja watatu?"

Ndugu zangu, mimi nimetetea kesi miaka mingi, lakini siku ile nilibeba boksi tupu nikarudi nyumbani. Yeye akapanda basi.

Siku ya mteule kuhojiwa tulijazana mbele ya televisheni katika ofisi ya chama chetu cha mawakili. Mjumbe mmoja wa kamati akayasoma malalamiko, akauliza kama ni kweli. Mheshimiwa angeweza kusema hakumbuki, na nani angembishia? Wangapi wamesimama mbele yake tangu wakati ule? Alivua miwani, akaiweka mezani.

"Ni kweli," akasema. "Hukumu ile ningeitoa vilevile hata leo, kwa sababu sheria ndivyo isemavyo. Lakini ningemwacha amalize kwanza. Nilikuwa na haraka, na haraka ile ilikuwa yangu, si yake."

Katibu wetu alizima televisheni. Alisema basi, amejimaliza mwenyewe. Wengine walianza kunilaumu mimi, eti nilipeleka peremende chache. Kumbe kamati ilikuwa na masikio kuliko sisi, na jioni ikampitisha.

Wapo wanaosema majaji wakubwa huchaguliwa kwa kujuana, na sisimami hapa kuapa kwamba haitokei. Lakini niulize: tangazo lile lilikuwa la kupamba ukuta tu, au lilikuwa mlango? Mwanamke mmoja wa kwetu aliusukuma ukafunguka, na aliyekuwa upande wa pili hakujificha. Mimi natembea na matumaini tangu siku hiyo, na katika umri wangu si jambo la kawaida.

Mheshimiwa, tumekuandalia birika la shaba la mafundi wetu na mashada ya maua yaliyokufika masikioni. Asubuhi ulipowasili nilikuuliza kama kuna kingine unachotaka. Ulitaka kimoja tu, nami nikabisha kwamba ratiba imejaa. Ukanitazama. Ndiyo maana kurasa nyingine saba za hotuba hii zitabaki mfukoni, na naona jinsi mlivyosikitika.

Nawashukuru kwa kunisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo mimi nimezoea kulipata. Dada Dilmaya, njoo mbele, kipaza sauti hiki hapa. Mheshimiwa Jaji amekuja kusikia yaliyobaki, na hakuna atakayekukatiza.